Kutazama Star Trek ya 1966 kwa mara ya kwanza: uanzie wapi, uangalie nini

Kuna jina moja katika tamthilia hii ambalo msemaji wa Kiswahili hahitaji kutafsiriwa. Afisa wa mawasiliano wa chombo cha Enterprise anaitwa Uhura, na jina hilo limezaliwa na neno letu uhuru. Mwigizaji wake, Nichelle Nichols, alisimulia mara nyingi kwamba siku aliyokwenda kufanyiwa majaribio alikuwa ameshika kitabu chenye neno hilo kwenye jalada, na mazungumzo yake na Gene Roddenberry, mwanzilishi wa tamthilia, yakaishia kwenye jina la mhusika. Ilikuwa mwaka 1966. Mwanamke mweusi, afisa kamili, ameketi kwenye chumba cha uongozi cha chombo kinachosafiri kati ya nyota, na jina alilobeba ni la kwetu.

Naanza na hilo kwa sababu wengi huiona Star Trek kama kitu cha mbali: masikio yaliyochongoka, mashine zinazolialia, mashati ya rangi kali. Wanafungua episodi moja au mbili, wanaona mawe ya bandia, wanafunga. Mimi pia niliifunga mara ya kwanza. Nilianza na episodi ya majaribio iliyotangulia zote, nikakutana na nahodha nisiyemfahamu, nikaona mambo yanakwenda polepole, nikaacha kwa miaka kadhaa. Niliporudi, safari hii kwa kufuata ushauri wa mtu aliyeijua vizuri, niliangalia episodi nne kwa siku nne na ya tano ikanikesha. Tamthilia ilikuwa ileile. Kilichobadilika ni mlango niliopitia.

Kwa hiyo huu ni mwongozo wa mlango, na wa nini cha kutazama ukishaingia.

Hatua ya kwanza: hakikisha umeshika yenyewe

Jina Star Trek limebandikwa kwenye tamthilia na filamu nyingi. Unayoitafuta ilirushwa na kituo cha NBC cha Marekani kuanzia tarehe 8 Septemba 1966 hadi tarehe 3 Juni 1969. Ina misimu mitatu: wa kwanza episodi 29, wa pili 26, wa tatu 24, jumla 79, kila moja kama dakika 50. Nahodha ni James Kirk, anaigizwa na William Shatner. Ukimkuta nahodha mwenye upara umefungua ile ya mwaka 1987, ambayo naipenda sana, lakini iweke kando kwa sasa. Mara nyingi hii ya kwanza huandikwa "The Original Series" baada ya jina, ili isichanganywe na wadogo zake.

Hatua ya pili: tengeneza picha kabla ya kubonyeza

Hapa watu hupita haraka, kisha hulalamika kwamba tamthilia ina sura mbaya.

Mwaka 2006, ilipotimiza miaka 40, mikanda ya tamthilia hii ilisafishwa upya, na picha za nje, yaani chombo kikipita, sayari zikizunguka, silaha zikifyatuliwa, zikatengenezwa upya kwa kompyuta. Ndiyo maana kuna matoleo mawili. Diski za Blu-ray zina yote mawili na unaweza kuchagua. Ukiweza, chagua la zamani. Chombo cha Enterprise kilichosanifiwa na Matt Jefferies kilikuwa mfano halisi uliojengwa kwa mikono na kumulikwa kwa taa, na mwanga wake unafanana na mwanga wa vyumba vya ndani. Katika toleo jipya jicho hurushwa mbele na nyuma, nje miaka ya 2000, ndani miaka ya 60. Hata hivyo, kama unalo jipya peke yake, endelea bila wasiwasi. Uigizaji haukuguswa, na uigizaji ndio mali.

Picha ina umbo la karibu mraba, kwa hiyo kwenye runinga za sasa kutakuwa na weusi pande zote mbili. Acha ubaki. Ukiivuta ijaze kioo, nyuso hutanuka na duara la sayari hugeuka yai. Zima pia ule mpangilio wa runinga unaolainisha mwendo, kwa sababu unaifanya filamu ionekane kama taarifa ya habari.

Rangi usiziguse. Zimekolea kwa makusudi, maana zama zile runinga za rangi ndiyo kwanza zilikuwa zinaingia majumbani na NBC ilitaka watazamaji waone walichonunua. Shati la dhahabu ni la uongozi, la buluu ni la sayansi na tiba, jekundu ni la uhandisi, ulinzi na mawasiliano. Hayo mashati ya dhahabu kitambaa chake kilikuwa cha kijani kijani. Taa na mikanda ya filamu ndiyo iliyoyageuza. Na utagundua mapema mwenyewe kwamba kijana asiye na jina, mwenye shati jekundu, akishuka na Kirk kwenye sayari ngeni, ni wa kumwonea huruma.

Kama Kiingereza cha kasi kinakusumbua, washa manukuu kwa episodi chache za mwanzo. Spock, afisa wa sayansi ambaye si binadamu kamili na ndiye mwenye yale masikio yaliyochongoka, hutamka kila neno kwa utaratibu na Kirk huvunja sentensi vipande vipande, kwa hiyo sikio huzoea upesi. Mhandisi Scotty ndiye mgumu, kwa lafudhi yake ya Kiskoti.

Hatua ya tatu: usianze na namba moja

Hapa ndipo penye siri yote, nitakaa kidogo.

Episodi hizi hazikurushwa kwa mpangilio zilivyotengenezwa. Ya kwanza kuonyeshwa, "The Man Trap", si ya kwanza kurekodiwa. Ya tatu kuonyeshwa, "Where No Man Has Gone Before", ni ile ya majaribio ya pili iliyowashawishi NBC. Ukifuata orodha kama ilivyo, unafika kwenye hiyo ya tatu na ghafla sare ni nyingine, daktari ni mwingine, na Spock ana nyusi kali zaidi na anapaza sauti. Mgeni hudhani amepotea. Kwa bahati nzuri karibu kila episodi inajitegemea, hivyo kuruka hakuvunji hadithi yoyote.

Anza na "The Corbomite Maneuver". Ni ya kwanza kurekodiwa baada ya majaribio mawili, ingawa ilirushwa ya kumi, tarehe 10 Novemba 1966. Uhura bado amevaa shati la dhahabu, jekundu lilikuja baadaye. Kisa ni chepesi kueleza: chombo kikubwa kupita kiasi kimewazuia njia na kuwapa dakika chache za kuishi, na Kirk hana silaha ya kukiweza. Nguvu ya episodi imo katika kusubiri. Ndani ya saa moja utajua kila mtu kwenye meza ile ni nani anapokabwa: nani anapiga kelele, nani ananyamaza, nani anatania. Na mwisho wake unakupa roho ya tamthilia nzima, kwa hiyo usisome maelezo yake popote.

Ya pili iwe "The Naked Time". Ugonjwa unaingia chomboni na kuwatoa watu aibu, kila mmoja anamwaga alichokificha moyoni. Sulu, rubani wa chombo, anakimbia korido kifua wazi, ameshika upanga, na utacheka. Kisha Spock anaingia chumbani peke yake, mlango unafungwa, na mtu ambaye hajawahi kuonyesha hisia anajaribu kujituliza kwa hesabu huku machozi yakimshinda. Leonard Nimoy hana mtu wa kuigiza naye pale, ana meza na ukuta. Tazama mikono yake.

Ya tatu, "Balance of Terror", ya tarehe 15 Desemba 1966. Kama ningeruhusiwa kukuachia moja tu, ingekuwa hii. Inaanza na harusi iliyokatizwa. Adui ambaye hakuna aliye hai aliyewahi kumwona uso amevuka mpaka, akiwa na chombo kinachoweza kujificha kisionekane. Halafu kwenye kioo sura yake inaonekana, na ina masikio kama ya Spock. Kamera inapita kwenye nyuso za watu waliofanya kazi na Spock kila siku, na kwenye uso wa mmoja wao, luteni aliyepoteza jamaa zake katika vita vya zamani, unaona chuki ikitafuta pa kukaa. Yote yanayofuata, mawindo ya nahodha dhidi ya nahodha katika giza, wote wawili wamezima mitambo na wananong'ona kana kwamba anga hupitisha sauti, yanabeba swali hilo: je, sura ya mtu ni ushahidi?

Katikati, daktari McCoy anamfuata Kirk chumbani. Nahodha amechoka, anajiuliza kama amekosea. McCoy anamwambia kwamba kati ya sayari zote za ulimwengu huu na nyingine zote zinazowezekana, kila mmoja wetu yupo mmoja tu, basi asimwangamize huyu aitwaye Kirk. Ni dakika moja hivi, watu wawili na taa hafifu. Ukiguswa hapo, tamthilia hii ni yako.

Kisha "The Devil in the Dark", iliyoandikwa na Gene L. Coon. Wachimba madini wanauawa na kitu kinachopita ndani ya mwamba kama mtu anavyopita ndani ya maji. Vazi la huyo mnyama utaliona kuwa ni vazi, hakuna ubishi. Subiri mpaka Spock amwekee mikono. Sisemi zaidi.

Halafu "The City on the Edge of Forever", ya tarehe 6 Aprili 1967, iliyopata Hugo, tuzo ya hadithi za kubuni za kisayansi, mwaka uliofuata. Kirk na Spock wanajikuta New York ya miaka ya 1930, wakati wa mdororo mkubwa wa uchumi, na humo yupo mwanamke anayewalisha maskini, anaigizwa na Joan Collins. Iache iwe ya tano. Wengine hushauri ianze hii kwa kuwa ndiyo inayosifiwa kuliko zote, nami sikubaliani nao. Maumivu ya dakika zake za mwisho yanategemea wewe kuwafahamu watu watatu: Kirk, Spock na McCoy. Ukiitazama kabla hujawapenda utaona mwisho wa huzuni. Ukiitazama baada ya zile nne utaona uamuzi mmoja ukimvunja mtu.

Baada ya hizo tano unaweza kurudi namba moja na kufuata orodha, ukiruka ulizokwisha kuona. Msimu wa kwanza una mali nyingi nyingine. "Arena" ina pambano na mjusi mkubwa kwenye miamba ya Vasquez Rocks huko California, miamba ambayo utaiona tena na tena ikijifanya sayari tofauti. "Space Seed" inamleta Khan, adui wa Kirk, anaigizwa na Ricardo Montalbán. "Errand of Mercy" inawaleta Waklingoni, taifa la wapiganaji wa anga, wakiwa bado na vipaji vya nyuso laini kama watu wengine. Na kuna "The Menagerie", ya sehemu mbili, ambamo ile episodi ya majaribio niliyoanza nayo mimi vibaya imefumwa ndani ya hadithi mpya kwa ustadi mkubwa. Ukikutana nayo humo, utaielewa na utaipenda.

Hatua ya nne: itazame kama mchezo wa jukwaani

Mtu aliyelelewa na filamu za siku hizi hutazama mandhari kwanza. Hapa tazama watu kwanza. Hii ni tamthilia kwa maana kamili ya neno: vyumba vichache, watu wachache, maneno mengi yenye uzito. Taa huangukia macho na kuacha mashavu gizani. Muziki huja na kuondoka kama mtu wa pembeni anayetoa neno.

Kila episodi ina kionjo kifupi, kisha wimbo wa Alexander Courage na maneno ya Kirk kuhusu safari ya miaka mitano, kisha sehemu nne. Kila sehemu iliandikwa iishe na hatari au mshtuko, maana hapo ndipo matangazo ya biashara yalipoingia na mtazamaji asingepaswa kubadilisha kituo. Ukilijua hilo, zile pause ndefu kwenye uso wa Kirk huku muziki ukipanda hazitakusumbua. Hapo ndipo pa kuinuka uchukue maji.

Umaskini wa bajeti utauona, na ukiutazama kwa makini utauheshimu. Milango inayofunguka yenyewe ilivutwa na wafanyakazi waliojificha nyuma ya ukuta. Tazama jinsi waigizaji wanavyoiendea bila kusita hata kidogo. Baadhi ya vifaa vya upasuaji vya McCoy ni vichupa vya kunyunyizia chumvi. Vilinunuliwa kwa ajili ya "The Man Trap", vikaonekana vya ajabu mno mezani kiasi kwamba mtazamaji asingetambua kuwa ni vya chumvi, basi vikapelekwa kwa daktari. Na ule mtambo unaowayeyusha watu hapa na kuwatokeza kule ulibuniwa kwa sababu kutua na chombo kwenye kila sayari kila wiki kungemaliza fedha. Shida ya mhasibu ikazaa wazo ambalo ulimwengu mzima unalijua.

Jambo la kufuatilia kuliko yote ni mazungumzo ya wale watatu. Spock hupima, McCoy huchukizwa, Kirk husikiliza wote wawili na kisha hubeba lawama peke yake. Wahenga walisema manahodha wengi chombo huenda mrama. Hapa nahodha ni mmoja, ila amezungukwa na washauri wawili ambao hawatakubaliana hata kuhusu rangi ya ukuta, na episodi nzuri ni ile ambayo wote wawili wana haki. Jaribu hivi: Kirk anapogeuka kutoka kwa mmoja kwenda kwa mwingine, simamisha kichwani mwako na uamue wewe ungefanya nini. Kisha endelea. Mimi nimekosea mara nyingi kuliko nilivyopatia, na ndipo nilipoanza kuipenda.

Hatua ya tano: jiandae kwa yatakayokukera

Nitakwambia waziwazi ili usije ukadhani nimekuficha. Sketi za maafisa wa kike ni fupi kupita kiasi, na mara nyingi kamera huwatazama wanawake kama pambo. "The Enemy Within" ina jaribio la ubakaji, na mwishoni mwake mwathirika anaambiwa neno la utani ambalo haliwezi kutetewa. Kama jambo hilo ni zito kwako, iruke. Episodi ya mwisho kabisa, "Turnabout Intruder", imejengwa juu ya dhana kwamba mwanamke hawezi kuwa nahodha. "The Paradise Syndrome" inawachora wenyeji wa asili wa Marekani kama watoto.

Hayo yamo kwenye tamthilia moja na Uhura, na Sulu wa George Takei aliyewekwa kwenye usukani kama rubani mahiri asiyetaniwa kwa asili yake ya Kiasia, na D.C. Fontana, mwanamke aliyeandika na kuhariri baadhi ya hadithi zake bora. Nichols alitaka kuacha baada ya msimu wa kwanza. Alisimulia kwamba ni Martin Luther King aliyemsihi abaki, akimweleza kwamba yeye na familia yake huitazama tamthilia hii na kwamba nafasi ile ilikuwa na maana kubwa kuliko alivyojua. Akabaki. Tazama yote mawili, kilichoonwa mbele na kilichoshindwa kuonwa, bila kulazimisha kimoja kifute kingine.

Hatua ya sita: msimu wa pili, kula taratibu

Huu ndio msimu wa furaha. Kijana Mrusi, Chekov, anaingia, akiigizwa na Walter Koenig, katika kilele cha uhasama wa Marekani na Urusi ya Kisovieti. Msimu unafunguliwa na "Amok Time", tarehe 15 Septemba 1967, ambapo tunakwenda kwa mara ya kwanza kwao Spock. Humo ndimo ile salamu ya vidole vilivyotengana ilipoonekana kwanza. Nimoy aliitoa kwenye baraka ya makuhani wa Kiyahudi, aliyoiona akiwa mtoto katika sinagogi huko Boston.

Usikose "Mirror, Mirror", wala "Journey to Babel", ambamo baba na mama yake Spock wanapanda chomboni. Baba huyo anaigizwa na Mark Lenard, mwigizaji yuleyule aliyekuwa kamanda wa adui katika "Balance of Terror". Uone jinsi mtu mmoja anavyobeba heshima ya aina mbili. "The Doomsday Machine" ni ya mkuu wa chombo aliyepoteza watu wake wote. Chombo chake kilichoteketea kilitengenezwa kwa mfano wa kuunganisha uliokuwa ukiuzwa madukani kwa watoto, ukachomwa na kukunjwa. Ukitazama ubavuni utasoma namba 1017, yaani tarakimu za 1701 ya Enterprise zilizopangwa upya. Na siku ukiwa na huzuni, weka "The Trouble with Tribbles".

Hatua ya saba: msimu wa tatu, chagua

Mwishoni mwa msimu wa pili tamthilia ilikuwa hatarini kufutwa. Bjo na John Trimble, mke na mume waliokuwa wapenzi wake, waliongoza kampeni ya barua nyingi mno kiasi kwamba NBC ilitangaza hewani kuwa itarudi. Ikarudi, lakini ikawekwa Ijumaa saa nne usiku, wakati vijana waliokuwa wakiipenda wametoka zao matembezini, na bajeti ikapunguzwa. Utaona vyumba vitupu zaidi na hadithi zilizochoka. Episodi ya kwanza ya msimu huo, "Spock's Brain", ni dhaifu sana, na si lazima uivumilie ili kuthibitisha upenzi wako.

Chagua "The Enterprise Incident", "The Tholian Web", "Day of the Dove" na "All Our Yesterdays". Tazama "Plato's Stepchildren" ya tarehe 22 Novemba 1968 kwa ajili ya busu la Kirk na Uhura, mweupe na mweusi, jambo lililokuwa adimu mno kwenye runinga ya Marekani. Na "Let That Be Your Last Battlefield", yenye watu wawili waliogawanyika rangi nusu kwa nusu, kila mmoja akimchukia mwenzake kwa upande wa mwili ulio mweusi. Ni hubiri la moja kwa moja, halifichi kitu. Nililiona la kitoto nilipolitazama mara ya kwanza, na siku hizi naona limefanya kazi yake.

Hatua ya nane: kasi, na wa kutazama naye

Moja kwa usiku inatosha. Mbili ukiwa na hamu sana. Ziliandikwa kwa watu waliosubiri wiki nzima, kwa hiyo mbinu moja hujirudia, mfano Kirk kuibishia kompyuta mpaka ijiharibu, na ukizitazama tano mfululizo zitakuchosha bila kosa lako wala lake.

Ukiweza, tazama na mtu. Zima baada ya sehemu ya tatu kwa dakika mbili, mkadirie itaishaje. Watoto wakubwa huipenda kwa namna hii, ila ipitie kwanza peke yako, kwa sababu ya yale niliyoyataja.

Kisha nini

Ukimaliza, tafuta filamu ya mwaka 1982, The Wrath of Khan, inayoendeleza "Space Seed" miaka mingi baadaye. Hakikisha umeiona "Space Seed" kwanza. Ile episodi ya majaribio, "The Cage", ambayo haikurushwa yote hadi mwaka 1988, itazame sasa: Nimoy akiwa Spock anayetabasamu, na mwanamke akiwa msaidizi mkuu wa nahodha. Mwigizaji huyo, Majel Barrett, alirudi kwenye msimu wa kwanza kama muuguzi Chapel, na sasa utamtambua.

Na kama uliruka "The Man Trap", irudie. Kiumbe anayejibadilisha sura kufuatana na fikra za anayemtazama anamkuta Uhura yuko peke yake koridoni. Anajigeuza kijana mweusi mtanashati. Uhura anamtazama kwa mshangao, anahisi anamfahamu, na kijana anafungua kinywa kumsemesha kwa Kiswahili. Lafudhi si yetu, na maneno yamepindapinda. Zima manukuu dakika hiyo, rudisha nyuma, usikilize kwa sikio lako mwenyewe.